Kiti cha Naibu Spika, Oktoba 1975: mbunge anayempinga Rais husimama juu ya nini?

#1 – Mleta uzi

Wanajamvi, heshima zenu. Wiki hii kulikuwa na mjadala mrefu hapa jukwaani kuhusu mipaka ya madaraka ya Rais, na karibu kila aliyechangia aliishia kulaumu wabunge kwa woga. Nimeona nifungue uzi wa peke yake, kwa sababu lawama hiyo naona inampata mtu asiyehusika. Wabunge wasio na woga walikuwapo, tena wengi. Swali ni walikuwa wamekalia nini walipokuwa wakisema, na nani alikuwa na uwezo wa kukivuta kile walichokalia.

Nitatumia kisa cha majirani zetu Kenya, kwa kuwa ndicho ninachokifahamu vizuri na kwa kuwa kinaonyesha jambo hili waziwazi kuliko visa vyetu wenyewe.

Alhamisi tarehe 9 Oktoba 1975, Martin Shikuku, mbunge wa Butere, alikuwa amesimama akizungumza Bungeni jijini Nairobi. Katika maelezo yake alisema kwamba kuna watu wanaotaka kuliua Bunge kama vile KANU ilivyokwisha kuuawa. KANU, kumbukeni, ndicho chama kilichokuwa kikitawala, na ndicho chama chake yeye mwenyewe. Wenzake wa upande wa serikali wakainuka kudai athibitishe, maana kwa kanuni za Bunge anayetoa tuhuma anaweza kutakiwa alete ushahidi au afute kauli. Aliyekuwa kwenye kiti siku ile hakuwa Spika mwenyewe, Fred Mati, bali Naibu wake, Jean-Marie Seroney, mbunge wa Tinderet na mwanasheria kwa taaluma. Seroney alijibu kwa sentensi moja tu, kwamba hakuna haja ya kuthibitisha jambo lililo wazi. Mawaziri na wasaidizi wao wakatoka nje ya ukumbi.

Naomba tusiipite haraka sentensi hiyo. Shikuku alisema kama mbunge, na mbunge mmoja anaweza kupuuzwa, kuzomewa au kuambiwa akae chini. Seroney alisema kama kiti. Uamuzi wa kiti unaingia kwenye taarifa rasmi na kuwa sehemu ya mwenendo wa Bunge, kwa hiyo kwa dakika ile Bunge lenyewe lilikuwa limekubali, kwa kinywa cha mwenye mamlaka ya kuamua, kwamba chama tawala kilikuwa maiti na kwamba kila mtu alilijua hilo. Hapo ndipo serikali ilipochomwa.

Siku sita baadaye, tarehe 15 Oktoba, polisi waliingia katika eneo la Bunge wakawachukua wote wawili. Hakuna mahakama iliyowasomea mashtaka. Waliwekwa kizuizini kwa sheria ya kulinda usalama wa umma, na hawakutoka mpaka Desemba 1978, Jomo Kenyatta akiwa amekwisha kufariki Agosti ya mwaka huo na Daniel arap Moi akiwa ndiye Rais. Mara baada ya kukamatwa kwao Kenyatta alikutana na wabunge wa chama, akawakumbusha kwamba mwewe yuko angani, tayari kushuka juu ya vifaranga. Hakuhitaji kufafanua.

#2 – Mleta uzi

Naendelea, maana kisa hiki hakikuanza Oktoba.

Baada ya uchaguzi wa 1974 wabunge wa viti vya nyuma, yaani wasio mawaziri, walikuwa wameazimia kumpa Seroney unaibu Spika, na Ikulu haikumtaka. Katiba ya wakati ule ilimpa Rais uwezo wa kuliahirisha Bunge atakavyo, na ndivyo alivyofanya. Bunge jipya liliahirishwa Novemba 1974, hata halijapata muda wa kujipanga. Liliporudi Februari 1975 wabunge walikuwa hawajabadili nia, na Seroney akapita bila kupingwa.

Mwezi uliofuata J. M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, aliuawa na mwili wake ukakutwa katika vilima vya Ngong. Bunge likaunda kamati teule chini ya Elijah Mwangale, na ripoti ilipoletwa Juni serikali ilijitahidi kuidhoofisha ikashindwa kwenye kura. Masinde Muliro, ambaye alikuwa waziri, alipiga kura upande wa wabunge wa nyuma, na wasaidizi wa mawaziri John Keen na Peter Kibisu wakafanya hivyo hivyo. Wote watatu walifukuzwa kazi. Kwa hiyo wanaosema Bunge la Kenyatta lilikuwa la mihuri tu wanakosea. Mwaka 1975 lilikuwa Bunge gumu kweli kweli.

Sasa tazameni kilichofuata. Desemba mwaka huohuo, miezi miwili tu baada ya Seroney kuchukuliwa, serikali ilileta muswada wa kubadili Katiba kwa ajili ya mtu mmoja. Paul Ngei, swahiba wa Kenyatta tangu siku za kifungo cha Kapenguria, alikuwa ametiwa hatiani kwa kosa la uchaguzi na kuzuiwa kugombea kwa miaka 5. Muswada ulimpa Rais uwezo wa kumwondolea mtu wa aina hiyo kizuizi chake. Bunge lile lile lililoikataa serikali Juni liliupitisha muswada huo katika alasiri moja. Ngei akarudi Bungeni kupitia uchaguzi mdogo.

Kati ya Juni na Desemba wabunge walikuwa ni wale wale, na sidhani kama tabia zao zilibadilika katika miezi sita. Walichopata ni elimu ya vitendo kuhusu jinsi kiti kinavyoweza kumtoka mtu.

(Jambo la kando kwa wapenzi wa lugha: Julai 1974 Kenyatta alikuwa ameagiza mijadala ya Bunge iendeshwe kwa Kiswahili, na hali hiyo ilidumu hadi 1979 Kiingereza kiliporuhusiwa tena. Miswada, hata hivyo, iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Mbunge wa wakati ule alikuwa akijadili kwa lugha moja maandishi yaliyoandikwa kwa lugha nyingine, na muswada wa kubadili Katiba ukija asubuhi na kupigiwa kura jioni, hebu fikirieni ni wangapi walikuwa wameusoma.)

#3 – Mchangiaji wa Eldoret

Shukrani, ndugu mleta uzi. Mimi ni Mkenya, na kisa cha Seroney tumekisikia kwa wazee wetu tangu utotoni. Hata hivyo nina pingamizi. Unaeleza kana kwamba wabunge walikuwa waathirika. Nani aliyempa Rais huo uwezo wa kuweka watu kizuizini? Nani alimpa uwezo wa kuteua wabunge 12? Hayo yote yalipigiwa kura Bungeni, na wengine waliokuja kulia baadaye walikuwa wameinua mikono yao. Tusiwafanye watakatifu.

#4 – Mleta uzi

Ndugu wa Eldoret, umegusa kiini, na sina ugomvi nawe. Nilikuwa nimekusudia kulieleza hili katika bandiko la kwanza nikaona litarefuka.

Katiba ya uhuru ya 1963 ilikuwa na kufuli mbili. Sehemu za kawaida zilihitaji asilimia 75 ya kura katika kila baraza la Bunge (Baraza la Wawakilishi na Seneti) ili zibadilishwe, na sehemu nyeti zilihitaji asilimia 90 katika Seneti. Mwaka 1964 chama cha upinzani, KADU, kilijivunja na wabunge wake wakahamia KANU, na Desemba 12 nchi ikawa jamhuri yenye Rais aliye mkuu wa nchi na mkuu wa serikali kwa pamoja. Mwaka 1965 kufuli zote mbili zikapunguzwa hadi asilimia 65. Hilo, kwa maoni yangu, ndilo badiliko baya kuliko yote, ingawa halikumpa Rais hata chembe ya madaraka siku ile. Lilikuwa badiliko la kurahisisha mabadiliko mengine. Mtu akitaka kuiba nyumba yenye vyumba vingi, kwanza anashughulika na mlango wa mbele.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Mwaka 1966 ulipanuliwa uwezo wa kuweka watu kizuizini. Mwaka huohuo Oginga Odinga, aliyekuwa Makamu wa Rais, na wenzake walipojitoa KANU na kuunda chama cha KPU, Bunge lilibadili Katiba ili anayehama chama kilichomleta apoteze kiti na kurudi kwa wapiga kura. Mabaraza yote mawili yalimaliza kazi hiyo upesi mno. Katika uchaguzi mdogo uliofuata, ule unaoitwa uchaguzi mkuu mdogo, KPU ilirejesha viti 9 tu, 7 vya Baraza la Wawakilishi na 2 vya Seneti. Muda si muda Seneti yenyewe ikafutwa, na maseneta wakapewa majimbo katika Bunge moja. Yaani walipiga kura ya kulifuta baraza lao wakiwa wameahidiwa viti kwingine. Mwaka 1968 ukaja uteuzi wa wabunge 12 na Rais.

Kwa hiyo ndiyo, mikono iliyoinuliwa ilikuwa yao. Tofauti yangu nawe ni ndogo: naona kila mkono ulioinuliwa ulikuwa na sababu yake siku ile, na kila mmoja ulipunguza uwezo wa mkono unaofuata kukaa chini. Aliyepiga kura ya 1966 kuhusu kuhama chama alidhani anamkomoa Odinga. Hakufikiri kwamba anajifunga yeye mwenyewe ndani ya KANU, na mlango wa KANU ufunguo wake ulikuwa Ikulu.

#5 – Mchangiaji wa Dodoma

Mkuu, hiyo ya kuhama chama mbona ni kama yetu? Ukifukuzwa chama leo, ubunge kwaheri. Naomba ufafanuzi upande wa Tanzania, kwa kuwa wasomaji wengi hapa ni wa huku.

#6 – Mleta uzi

Ni kweli, ndugu yangu, na huku kwetu kamba ni fupi zaidi. Chini ya Ibara ya 71 ya Katiba yetu mbunge hupoteza kiti akikoma kuwa mwanachama wa chama kilichomdhamini. Haijalishi kama aliondoka mwenyewe au alisukumwa. Na kwa kuwa mgombea binafsi haruhusiwi, hana mahali pa kurudia mpaka apate chama kingine. Jambo hili si geni. Oktoba 1968 TANU iliwafukuza uanachama wabunge kadhaa, Joseph Kasella-Bantu akiwa mmojawapo, na viti vyao vikaenda na kadi zao.

Ukitazama Ibara ya 46A utaona Bunge letu lina uwezo wa kumshtaki na kumwondoa Rais. Taarifa ya hoja hiyo lazima isainiwe na wabunge wasiopungua asilimia 20 na iwasilishwe kwa Spika siku 30 kabla, kisha inahitajika theluthi mbili ya wabunge wote kuunda kamati ya uchunguzi, na theluthi mbili tena kuamua. Masharti hayo ni magumu, na mimi siyalaumu, kwa sababu kumwondoa mtu aliyechaguliwa na nchi nzima hakupaswi kuwa kazi ya alasiri moja. Ugumu wake wa kweli uko kwenye zile siku 30. Katika siku hizo majina ya waliosaini yanajulikana, na vikao vya nidhamu vya chama havihitaji siku 30.

#7 – Mchangiaji wa Nairobi

Nadhani mleta uzi anaishi sana zamani. Katiba ya 2010 ilimaliza haya yote kwetu. Rais hawezi kuahirisha Bunge, hateui wabunge, na majina ya majaji hupendekezwa kwake na Tume ya Huduma za Mahakama. Seroney angekuwapo leo angelala nyumbani kwake.

#8 – Mleta uzi

Ndugu wa Nairobi, angelala nyumbani kwake, nakubali. Kizuizini bila mashtaka hapana. Hata hali ya hatari, Rais akiitangaza, haipiti siku 14 bila Bunge la Taifa kuiongeza kwa theluthi mbili, na nyongeza zinazofuata zinahitaji robo tatu. Hayo yameandikwa na watu waliojua walikotoka.

Lakini tuangalie mfano mmoja wa karibu, ule wa BBI, mpango wa kuibadili Katiba hiyo ya 2010. Mei 2021 Bunge la Taifa lilipitisha muswada wa kuibadili Katiba kwa kura 235 dhidi ya 83, na tarehe 11 Mei Seneti nayo ikaupitisha kwa 51 dhidi ya 12. Muswada ulikuwa umeletwa kwa jina la wananchi, kupitia sahihi zao, ilhali kila mtu alijua umetoka kwenye mapatano ya Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga. Wapo wabunge waliosimama wakasema hili halikubaliki. Wale 83 na 12 wamo katika kumbukumbu. Walishindwa kwa hesabu. Siku mbili baada ya kura ya Seneti, tarehe 13 Mei, majaji watano wa Mahakama Kuu waliubatilisha mchakato mzima, Mahakama ya Rufaa ikawaunga mkono Agosti, na tarehe 31 Machi 2022 Mahakama ya Juu, ingawa ilitofautiana nao katika mambo kadhaa makubwa, ilikubali kwamba Rais hana ruhusa ya kuanzisha mabadiliko ya Katiba kwa njia iliyowekewa wananchi.

Kwa nini majaji waliweza na Bunge halikuweza? Sidhani kwamba majaji ni majasiri kuliko wabunge. Jaji wa Kenya haondolewi kwa simu. Na hata hilo lilikuwa limepotea: mwaka 1986 Bunge lilimvua Mwanasheria Mkuu na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ulinzi wa kazi zao, mwaka 1988 likawavua majaji, kisha mwaka 1990 likaurudisha ulinzi huo baada ya kelele za ndani na nje. Tukirudi nyuma kidogo, Juni 1982 kifungu cha 2A kilichoifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria kilipita bila upinzani wa maana. Bunge lililokuwa likiwavua wengine viti vyao halikuwa na kiti chake lenyewe.

Na Rais bado anazo njia. Uhuru alipoletewa majina ya majaji aliteua 34 Juni 2021, akawaacha 6 mpaka anaondoka madarakani. Walikuja kuteuliwa na mrithi wake, William Ruto, Septemba 2022. Katiba haikumpa uwezo wa kuchagua kati ya majina hayo. Hakuhitaji kutoa amri yoyote. Hakusaini tu.

#9 – Mchangiaji wa Tanga

Mwalimu, swali dogo. Unasema Bunge halikuwa na kiti chake. Una maana gani hasa? Maana jengo walikuwa nalo.

#10 – Mleta uzi

Jengo ndiyo, bibie, ila karatasi na kalamu zilikuwa za mwingine. Hadi mwaka 1999 watumishi wa Bunge la Kenya, kuanzia Katibu wa Bunge, walikuwa chini ya utumishi wa serikali, na fedha za Bunge zilipangwa na serikali ile ile ambayo Bunge lilitakiwa kuisimamia. Hoja ya kuunda Tume ya Huduma za Bunge ililetwa na Peter Oloo Aringo, na Katiba ikabadilishwa mwaka huo. Ni badiliko ambalo halikupata shangwe mitaani, kwa kuwa nani anashangilia ajira ya makarani? Lakini kutoka hapo mbunge alipata mtafiti asiyemwogopa waziri, na kamati ikapata mwandishi wa kumbukumbu asiyepandishwa cheo na anayechunguzwa.

Niliwahi kukaa miaka mitatu katika bodi ya chama kimoja cha akiba na mikopo, nikiwa mjumbe wa kamati ya usimamizi. Kazi yetu kwa masharti ya chama ilikuwa kumkagua mwenyekiti na meneja. Posho zetu za vikao zilisainiwa na mwenyekiti. Ufunguo wa kabati lenye vitabu vya hesabu ulikuwa kwa meneja, na tukiutaka tunauandikia barua. Barua ya kwanza ilijibiwa baada ya wiki tano, ya pili haikujibiwa. Hatukutishwa na mtu. Kila tulipokutana tulipewa chai nzuri na maandazi. Mwaka wa tatu tuliandika taarifa isemayo hesabu ziko sawa, nami sahihi yangu ipo. Tangu siku hiyo nimepunguza kuwaita watu waoga.

#11 – Mchangiaji wa Eldoret

Maelezo ya mwisho yamenigusa. Sasa niambie, Katiba ya 2010 imewahi kumfikia Rais kwa kifungu cha 145, kile cha Bunge kumwondoa Rais? Mimi sikumbuki.

#12 – Mleta uzi

Rais hapana. Naibu wake ndiyo. Tarehe 8 Oktoba 2024 wabunge 281 wa Bunge la Taifa walipiga kura ya kumwondoa Rigathi Gachagua, na tarehe 17 Seneti ikathibitisha mashtaka 5 kati ya 11. Mtambo uliotengenezwa ili kumdhibiti Rais ulifanya kazi kwa mara ya kwanza ukimwondoa mtu aliyekuwa amekosana na Rais. Sisemi Gachagua alikuwa na haki au hakuwa nayo. Nasema tu kwamba theluthi mbili, ambazo kwa Rais huonekana kama mlima, zilipatikana ndani ya siku chache.

#13 – Mchangiaji wa Tanga

Ahsante, mwalimu. Na Seroney mwenyewe? Alirudi kwenye kile kiti?

#14 – Mleta uzi

Hakurudi, bibie. Waliachiliwa Desemba 1978, na uchaguzi ulikuja mwaka uliofuata. Shikuku aligombea Butere akashinda, tena Moi akampa unaibu waziri, hivyo aliyesema Bunge linauawa akaingia kukaa upande wa serikali. Seroney aligombea Tinderet akashindwa na kijana aliyeitwa Henry Kosgey. Wakati Bunge jipya linafunguliwa, yule aliyesema kwamba lililo wazi halihitaji kuthibitishwa hakuwa na hata kiti cha nyuma.